Mbwa wa Mkamwana

Usiku wa kuamkia leo niliota ndoto ya kipuuzi, na nitaisimulia kama ilivyokuwa, bila kuipaka mafuta. Anayetaka kucheka acheke nje ya ua wangu.

Kwanza mjue nililala na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya mbwa. Ndiyo, mbwa. Mimi Ambokile Mwakibete, mtu mzima mwenye migomba yangu na heshima zangu hapa Rungwe, nimefika mahali pa kukosa raha kwa sababu ya mbwa, tena mbwa asiyebweka ovyo.

Jina lake Kamanda. Jina kubwa, kazi hakuna. Alikuja na mkamwana wangu, mke wa mwanangu Lusekelo, siku ile alipoletwa kutoka kwao Kyela: yeye mbele, godoro nyuma, mbwa ubavuni. Tangu siku hiyo Kamanda hajanitazama usoni. Mke wangu anamtazama, hasa akiwa na sahani mkononi. Mbuzi anamtazama. Hata wauza dagaa wapitao njiani anawasindikiza kwa macho mpaka wapotelee konani. Nikitokea mimi, anageuza shingo na kuukazia macho ukuta, utadhani ukuta ndio unaomlisha.

Mlinzi gani huyo asiyemjua bwana wake kwa sura? Siku mwizi akivaa koti langu, si atampokea kwa mkia!

Lusekelo, ambaye yuko Dar es Salaam na hajawahi kufuga hata kuku, akanipigia simu kunifundisha. "Baba, shika kipande cha nyama usawa wa macho yako. Usimwite wala usimlazimishe. Subiri tu. Akikutupia jicho hata kidogo, mwambie 'vyema', halafu mpe." Nikamuuliza kama huko Dar wamekosa cha kufanya. Mimi nichuchumae uani, nibandike nyama usoni, nimsubiri mbwa mpaka ajisikie? Thubutu! Nikatangaza kwamba asubuhi Gwamaka, mlinzi wa shamba la chai, aje na mnyororo wake amchukue.

Hapo ndipo mambo yalipochacha. Kwetu, baba mkwe na mkamwana hawatazamani wala hawasemeshani. Wapo siku hizi walioacha, wanakula meza moja na kupigana picha. Hayo ni yao. Mimi uso wa mke wa mwanangu sijawahi kuuona. Nikimsikia anakuja nashusha kofia, naye anajifunika kanga na kuzungukia nyuma ya nyumba. Akiwa na la kuniambia analiambia mchi wa kinu, nami nikiwa hapo hapo nasikia: "Mchi, mwambie baba maji ya kuoga yako tayari." Nami namjibu mchi. Tumekwenda hivyo vizuri tu.

Basi jana jioni nikamsikia jikoni, sauti imelowa machozi. "Mchi, mwambie baba, kesho Kamanda akiondoka, na mimi nitakwenda kwetu kupumzika kidogo. Na mtoto."

Kila mwenye akili anajua mwanamke akienda kwao kupumzika na mtoto, anarudi lini. Na mjukuu wangu ndiyo kwanza amejifunza kusimama, tena kwa kushika goti langu, si la mtu mwingine. Sikumjibu mchi neno. Nikaenda kulala.

Nikaota ni mchana, jua la utosi. Mlango unagongwa. Nafungua, namkuta mchi amesimama kizingitini.

"Shikamoo, mzee," anasema.

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Leo sijatumwa. Nimekuja kwa miguu yangu."

Nikamtazama chini. Miguu hakuwa nayo. Sikuona haja ya kubishana na kipande cha mti.

"Nimechoka," mchi akasema. "Mimi nilichongwa nitwange. Sasa kutwa nzima nabeba maneno: mwambie baba hivi, mwambie mama vile. Mahindi nikiyatwanga yanalainika. Maneno yenu hayalainiki hata kidogo. Ona, nimepata ufa."

"Ufa huo ni wa jua," nikamwambia. "Ulianikwa vibaya."

"Sawa, ni wa jua. Nifuate. Unaitwa kwenye masomo ya macho."

"Macho yangu mazima. Naona mpaka ng'ambo ya bonde."

"Ya ng'ambo unayaona, ndiyo," mchi akasema, akaanza kuondoka kwa kurukaruka.

Nikanyoosha mkono nichukue kofia. Kofia ikasema yenyewe haitoki, shingo inaiuma kwa kushushwa kila saa. Nikaiacha kwenye msumari wake. Sijazoea kubembeleza kofia na sikutaka kuanza leo.

Tukavuka uwanja, na uwanja ukawa bucha. Ndani kuna foleni ndefu ya mbwa, kila mmoja kamshika mtu wake kwa kamba. Watu wametulia. Muuza nyama hayupo, ila mizani ipo mezani, na ndiyo inayohudumia.

"Anayefuata!" mizani inaita. "Weka jicho."

"Nimekuja kuchukua nyama," nasema.

"Nyama baadaye. Weka jicho kwanza. Mtazame yule."

Namwona Kamanda amekaa pembeni, uso kaugeuzia ukuta, kama kawaida yake. Namtazama jinsi mtu mwenye akili anavyomtazama mbwa. Mshale wa mizani ukaruka, ukagonga mwisho, sahani ya bati ikalia bucha zima.

"Lahaula!" mizani ikasema. "Uzito gani huu? Hili ni jicho la kumtazamia mwizi. Mbwa akikodolewa hivi anajua ugomvi umefika, na mbwa mwenye malezi hageuki kuupokea ugomvi. Punguza."

"Jicho linapunguzwaje?"

"Pepesa. Legeza paji. Tazama sikio lake kidogo, kisha bega, kama mtu asiye na haraka."

Nyuma yangu alikuwapo mama mmoja mnene na kijibwa chake cheupe. Yule mama akaguna. "Wazee wengine bwana! Hata jicho lao wenyewe linawashinda kubeba." Kijibwa kikamvuta kamba kumwonya, akanyamaza.

Nikapepesa. Sikupepesa kwa kupenda, ni kwa sababu ya foleni. Mshale ukateremka kidogo, ukagoma.

"Bado kuna mfupa," mizani ikasema.

"Jicho halina mfupa."

"Lina dharau. Sisi hapa dharau tunaipima pamoja na mifupa. Haya, shika nyama yako, uende. Huo mfupa utautoa mwenyewe mbele ya safari."

Nikapokea vipande vya nyama vilivyofungwa kwenye gazeti. Nilitaka kuijibu mizani ile majibu yake, lakini bucha lilikuwa limeshaondoka.

Wahenga walisema achezaye na mbwa huingia naye msikitini. Kwetu msikiti uko mbali, mjini huko. Sisi tukaingia kanisani. Nimekaa benchi la mbele, la wazee, na Kamanda kakaa kando yangu kwa adabu zote, anatazama ukuta. Kanisa zima linatutazama. Ningeweza kuvumilia kutazamwa na kanisa, lakini si mbele ya mbwa ambaye hata yeye hataki kunitazama.

"Kamanda," nikanong'ona.

Jina likanitoka mdomoni, likaanguka sakafuni, kavu kama ganda la karanga.

"Kamanda! We Kamanda! Kamanda, nasema!"

Yakaanguka yote, moja baada ya jingine, na kila lililofuata lilikuwa dogo kuliko lililotangulia. La mwisho lilikuwa vumbi tu. Mbwa hakutikisa hata sikio. Akaja mzee wa kanisa, Ndugu Mwasomola, ameshika ufagio.

"Ndugu Mwakibete, unachafua nyumba ya Bwana."

"Namwita mbwa."

"Jina ukiliita bure bure linachakaa. Akiitika, huwa unampa nini?"

"Nimpe nini? Si namfuga!"

"Unamfokea," Ndugu Mwasomola akasema kwa upole, kama mtu anayesoma matangazo. "Anaitwa Kamanda, anafokewa. Anaitwa Kamanda, anafukuzwa jikoni. Hata mimi ningetazama ukuta."

Akayazoa majina yote, akayamimina kwenye kikapu cha sadaka. Kwaya ikasimama, ikachukua moja lililokuwa bado zima kidogo, ikaliimba kwa sauti nne. Lilipendeza, lakini mbwa hakugeuka. Niliona aibu, sitaficha. Aibu ya kushindwa na mbwa mbele ya kwaya ni aibu ya aina yake.

"Simwiti tena," nikasema.

"Ndivyo inavyotakiwa," akajibu Ndugu Mwasomola, akaendelea kufagia.

Nilipokaa vizuri, benchi lilikuwa kigoda na kanisa lilikuwa ua wangu, isipokuwa migomba yote ilikuwa imenipa mgongo. Mchi ameegemea kinu chake. Kamanda kakaa chini ya ukuta wa jiko, shingoni ana kamba, na kamba inapotelea nyuma ya nyumba. Bila kunigeukia, akafungua mdomo.

"Shikamoo, baba mkwe."

"Baba mkwe wa nani?"

"Wangu."

"Mimi nimezaa watu. Hakuna mwanangu aliyekuoa wewe."

"Nilikuja na mke wa mwanao," Kamanda akauambia ukuta. "Siku moja, gari moja, kamba moja. Tuliposhuka nilikuinulia uso. Kusema kweli nilikuwa tayari kukupenda. Ulikuwa unanukia moshi na maziwa. Ukashusha kofia ukageukia migomba. Nikasema, kumbe huku ndivyo inavyokuwa, na mimi nikageukia ukuta. Tangu hapo nimeushika mwiko wenu kuliko hata watoto wenu mliowazaa."

"Nilikuwa namkwepa yeye!" nikafoka. "Wewe ni mbwa!"

"Ungesema, Baba. Ungemwambia hata mchi."

Mchi akakohoa. "Ujumbe huo sikupewa," akasema.

Siku zote hizo nilidhani mbwa ana kiburi, kumbe ananiheshimu! Nimewahi kutukanwa na watu wa kila namna, sokoni na kwenye vikao, na nikawajibu. Lakini kuheshimiwa na mbwa mpaka karibu umfukuze, hilo lilikuwa jipya kwangu, na sikulipenda hata kidogo.

"Basi nakufungulia," nikasema. "Mwiko umekwisha. Nitazame."

"Haufunguliwi kwa amri. Mdogo haanzi, Baba. Mkubwa ndiye hutoa kitu, ndiye huinua uso kwanza, halafu anasubiri. Akinishika kidevu na kunigeuza, huko si kufungua, ni kukamata."

"Na nisipotoa kitu?"

"Gwamaka yuko njiani. Nitamfuata, mimi mbwa nitafanya nini? Ila kamba yangu ina upande wa pili, na wewe unajua kuna nani."

Nyuma ya nyumba nikasikia godoro linakunjwa. Godoro lenyewe lilikuwa linalalamika mbavu. Halafu nikahisi goti langu jepesi. Nikalitazama. Pale mjukuu wangu anaposhika akisimama hapakuwa na mkono wala alama ya mkono, na suruali ilikuwa safi, haina uji wala makamasi. Nilikuwa sijawahi kuiona suruali yangu safi namna ile.

Niliogopa. Nasema wazi, kwa mara ya kwanza katika upuuzi huo wote, niliogopa.

Basi nikachuchumaa. Magoti yote mawili yakalia, na moja likasema, "Hatimaye." Nikafungua gazeti, nikashika kipande katikati ya nyusi. Mafuta yananitiririka puani. Migomba inageuka mmoja mmoja kuja kutazama, inanong'onezana kwa majani. Sijawahi kudharauliwa na migomba niliyoipanda mwenyewe, lakini leo nimeona.

Simwiti, wala sipigi mluzi. Nalegeza paji kama ilivyosema mizani, napepesa, natazama sikio lake, natazama bega. Kile kimfupa cha dharau nakitafuta kwa ndani mpaka nakipata. Nakitoa, nakiweka kando kwenye nyasi. Sikitupi, maana dunia bado ina watu na huenda nikakihitaji.

Nasubiri. Hakuna linalotokea. Nasubiri tena, na hakuna linalotokea kwa muda mrefu zaidi.

Kisha sikio lake moja likageuka. Kisha jicho, kidogo tu, jinsi mtu anavyochungulia mlangoni kuona kama mvua imekatika.

"Vyema," nikasema.

Neno lilitoka na kutu. Kamanda akapokea kipande, akarudi ukutani. Nikashika kingine. Akachungulia, safari hii akakawia. "Vyema," nikasema, na kutu ilikuwa imepungua. Tukaendelea hivyo, mimi na mbwa, mchana kweupe, mbele ya mchi na migomba, mpaka mkono wangu ukabaki mtupu. Nikasubiri ageukie ukuta. Hakugeuka. Alikuwa amenitulizia macho ya kahawia, hayana haraka wala woga.

"Nyama imekwisha," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Sasa natazama tu."

Sikuwahi kutazamwa hivyo. Macho yakaniwasha, nikasingizia mafuta.

"Haya, Baba," Kamanda akasema. "Fuata kamba."

Nikafuata kwa macho. Kamba ikatoka shingoni mwake, ikapita kwenye nyasi, ikakunja kona ya nyumba, na kona ikasogea kando kunipisha. Nikaona mkono ulioishika, kiganja kikavu cha kutwanga. Nikaona kiwiko, nikaona pindo la kanga. Nilipofika kidevuni nikasimama.

"Hapana," nikasema. "Hapo basi. Baba yangu hakufanya hivyo, na babu yangu hakufanya."

"Mkubwa ndiye huanza," Kamanda akasema. "Mimi somo langu nimeshamaliza."

"Wewe mbwa una maneno mengi."

"Nilikuwa nayaweka, Baba. Sikuwa na wa kumtazama nikamwambia."

Godoro likafungwa kamba ya mwisho. Goti langu likawa jepesi zaidi, karibu lipae.

Nikainua macho.

Alikuwa msichana tu. Sijui nilitarajia nini. Nadhani nilitarajia kanga iliyofunikwa kanga nyingine, mpaka ndani. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka, midomo kaibana ili isitetemeke. Unyusi wa kushoto ulikuwa umekatika katikati, kovu jeupe limepita hapo kama kinjia cha mbuzi kwenye majani. Hakujifunika. Alinitazama kama mtu anayengojea kuambiwa kosa lake.

Nikafungua mdomo niseme "vyema", lakini hilo ni neno la mbwa, na la mtu sikuwa nalo. Nikamgeukia mchi anisaidie.

"Mwambie mwenyewe," mchi akasema.

Nikaamka.

Kulikuwa kumeshapambazuka, na mtu anapiga hodi kwa sauti ya kikazi. Makande ya jana hayo, nikajiambia, mtu mzima hatakiwi kulala na maharage tumboni. Nikavaa koti, nikatoka.

Gwamaka alikuwa amesimama uani na mnyororo wake begani, anakunywa chai yangu. Mke wangu alikuwa mlangoni. Chini ya ukuta wa jiko palikuwa na godoro limefungwa kamba, na kando yake mwanamke aliyejifunika kanga gubigubi, amenipa mgongo, mtoto kamlaza begani. Mkononi alikuwa ameshika kamba ya mbwa.

Kamanda alikuwa anatazama ukuta. Aliposikia hatua zangu akageuza shingo, akanitazama usoni moja kwa moja, akatulia hapo.

"Mbona anakutazama?" Gwamaka akauliza. "Si ulisema huyu hatazami?"

"Kunywa chai, uende ukalinde majani yako," nikamwambia. "Hapa hakuna mbwa wa kutoa."

"Mzee, nimetembea kutoka kule juu kote—"

"Basi utarudi kwa mteremko."

Yule mwanamke hakugeuka. Pengine alidhani nazungumza mambo ya wanaume yasiyomhusu, kama ilivyokuwa siku zote. Nikasimama pale kama mjinga, natafuta neno, na mbwa ananitazama, hanisaidii.

"Subilaga," nikaita.

Jina hilo sikuwa nimewahi kulitamka. Kikombe kikamponyoka Gwamaka. Mke wangu akasema, "Baba Lusekelo!" kwa sauti ya mtu aliyeona nyumba inaungua. Naye Subilaga akashtuka, akageuka mzima mzima kabla hajawahi kuivuta kanga usoni.

Unyusi wake wa kushoto ulikuwa umekatika katikati, na kovu jeupe limepita hapo.

"Abee, baba," akasema, akiniambia mimi.

"Rudisha godoro ndani, mwanangu," nikamwambia. "Litalowa."